Kusi ndiyo baridi yetu: injini za wavuvi zinafia nchi kavu

Mwezi wa Julai nilikuwa Kakamega kwa arusi ya binti wa rafiki yangu tuliyesoma naye diploma ya ufundi. Kule wakati huo ni mvua na blanketi mbili usiku. Mwenyeji wangu ana gereji, na siku hiyo mezani palikuwa na injini ya boti iliyoletwa na wavuvi wa Ziwa Viktoria, maana Kisumu iko kilomita 50 hivi kutoka pale.

"Hebu soma hapa, ndugu yangu wa Mombasa," akaniambia, akinipa kitabu cha injini. Sura nzima ilieleza namna ya kukinga injini isigande msimu wa baridi. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na yakiwa yamebaki ndani ya injini hupasua chuma. Tulicheka. Barafu ya Kenya iko juu Mlima Kenya, na huko hakuna boti.

Niliporudia kuisoma usiku, kicheko kiliniisha. Ukitoa neno baridi, sura ile inafundisha jinsi ya kulaza injini itakayokaa miezi bila kazi. Sisi tunayo miezi hiyo. Kusi ikivuma, kati ya Aprili na Septemba, boti nyingi ndogo hazithubutu kutoka nje ya miamba, na injini hutupwa pembeni.

Ile ya ziwani ilikuwa nzee, lakini njia zake za maji zilikuwa safi. Yetu ikilazwa na maji ya bahari ndani, maji hukauka na chumvi hubaki. Chumvi huziba njia na kula chuma. Kaskazi ikirudi, injini hupata moto kupita kiasi na kufa safari ya kwanza, na mvuvi husema kauziwa feki.

Hili si jambo la mvuvi peke yake, kwa kuwa injini sasa ni sera. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi zaidi ya 4,600 wa Lamu walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe shilingi bilioni 1.76. Katika mazungumzo yaliyofuata ilikubaliwa asilimia 65 iwe vifaa, zikiwemo boti na injini, na asilimia 35 pesa taslimu. Pesa ukipewa unaihesabu siku ile ile. Injini thamani yake iko katika miaka itakayofanya kazi, na isipotunzwa fidia yenyewe imeliwa na kutu.

Matunzo yenyewe si ghali. Kabla ya kuilaza, iendeshe kwa maji ya pepo kama dakika 10, chumvi itoke. Funga petroli na uiache iungurume mpaka kabureta iwe kavu, kwani petroli ikikaa miezi hugeuka ulimbo. Fungua plagi, tia oili kidogo na uzungushe kwa mkono. Tazama oili ya gia: ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, badilisha sili sasa. Kisha isimamishe wima maji yote yashuke, na iweke mahali pakavu.

Lakini mvuvi atatoa wapi maji ya pepo ufuoni, ikiwa nyumbani kwake yananunuliwa kwa mtungi? Hapo ndipo serikali za kaunti na BMU zinapohusika. Siku ya kugawa injini huja hema, viti na hotuba. Tunachohitaji ni tangi la maji na stoo yenye kufuli katika kila bandari ya wavuvi, fundi aliyesomeshwa kutoka kijiji kile kile, na kitabu cha injini kwa Kiswahili. Haya yaandikwe ndani ya zabuni, yasingoje hisani ya mtu.

Na sisi wenyewe tusijivue lawama. Injini ya kikundi ni amana, na amana haitupwi juani kwa sababu eti ni ya bure.

Kusi ya mwaka huu haijaisha. Ndugu mvuvi, kabla ya magharibi leo, nenda ukaitazame injini yako.