Mto Wenye Nguvu Haushindwi kwa Risasi Nzito

Kila masika mito yetu ya Theta hujaa, na mkulima wa skimu aliyezoea kujipatia kitoweo cha Jumamosi kwa ndoana huanza kulalamika. Mshipi unasombwa. Chambo hakikai. Basi hufanya kama jirani zake: huongeza risasi. Ikisombwa tena, huongeza nyingine. Maoni yetu ni kwamba hiyo ni hasara tupu, na yafaa tuseme kwa nini.

Mto hausukumi risasi peke yake. Husukuma mshipi wote ulio majini, na mshipi ukiwa mnene hupata nguvu nyingi zaidi za maji. Kwa hiyo tumia mshipi mwembamba kadiri uwezavyo, mradi umhimili samaki, na uusimamishe ufito wima juu ya kigingi ili sehemu kubwa ya mshipi iwe hewani. Tupa chambo upande maji yatokako, juu kidogo ya mahali uliposimama, kisha legeza mshipi hatua moja au mbili, uache maji yaupinde kama upinde. Mshipi uliokazwa kabisa hung'oa uzito. Wenye upinde huuacha utulie. Samaki akila, ncha ya ufito hainami bali hunyooka ghafla, maana uzito umeng'oka na mshipi umelegea. Wengi hudhani ni maji tu, wakakaa kimya, na samaki akaenda zake.

Tena kuna umbo. Risasi ya mviringo hubingirika juu ya mawe ya Ndarugu kama chungwa, bapa hulala. Wala si lazima iwe risasi, ambayo ni sumu ikibaki mtoni. Nati kuukuu za chuma, au jiwe bapa lililofungwa waya, hutosha. Kikapu cha chambo nacho chafaa sana wakati huu: kata kipande cha wavu wa waya, ukunje uwe kama bomba lenye urefu wa kidole, uufunge juu ya uzito huo bapa. Pumba kavu ya mahindi huoshwa kabla haijafika chini. Changanya pumba na ugali wa jana na udongo kidogo wa kichuguu, ukande mpaka ushikane, utie na vipande vya minyoo. Mchanganyiko huo humomonyoka polepole, na kambare aliye upande wa chini ya mto hufuata harufu mpaka kwenye ndoana.

Lakini hasara kubwa zaidi iko katika kufunga. Wengi hufunga uzito mwishoni mwa mshipi na ndoana juu yake, vyote kwa nailoni ile ile. Uzito ukinaswa na mawe, mtu huvuta, mshipi hukatika karibu na mkono wake, na ndoana pamoja na mita kadha za nailoni hubaki mtoni. Nailoni haiozi upesi. Hunasa miguu ya ndege, na ya ndama wanaoshuka kunywa, na mwenyewe hana budi kurudi dukani. Ndugu mkulima, ning'iniza uzito kwa uzi wa shubiri moja, ulio dhaifu kuliko mshipi. Ufunge kwenye kipete kidogo kinachoteleza juu ya mshipi, na utie ushanga wa kukizuia kisifike kwenye ndoana. Ukinaswa, uzi huo ndio utakaokatika. Utapoteza nati kuukuu, basi.

Wako watakaosema mambo haya ni ya mabwana wavuao trauti kwa starehe, samaki walioletwa nchini mwaka 1905, wala si ya mtu atakaye mboga. Sivyo. Mwenye ndoana tatu tu ndiye hasa wa kuzitunza.

Hata hivyo, maji yakiwa mekundu na yanabeba magogo, funga ufito urudi nyumbani. Siku hiyo hakuna uzito ufaao, na kingo zilizolowa humeguka chini ya mtu. Mito ya Ruiru, Theta na Ndarugu yote humwagikia Athi, na Athi ina viboko. Kwa habari ya leseni chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, muulize ofisa wa uvuvi wa kaunti kabla hujashuka mtoni.