Kuihukumu Safari Kabla ya Kufika: Maoni ya Wasomaji juu ya Juzuu ya Kwanza ya The Lord of the Rings

1.0 Utangulizi

Tarehe 29 Julai, 1954 kampuni ya uchapishaji ya George Allen & Unwin ya London ilitoa riwaya iitwayo The Fellowship of the Ring, yaani Ushirika wa Pete. Mwandishi wake, J.R.R. Tolkien, alikuwa profesa wa lugha na fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Oxford. Chapa ya kwanza ilikuwa na nakala zipatazo 3,000 tu, kwani wachapishaji wenyewe walihofu hasara. Mwaka 1997, katika kura iliyoendeshwa nchini Uingereza na maduka ya vitabu ya Waterstone's pamoja na televisheni ya Channel 4, wasomaji wapatao 25,000 waliiweka The Lord of the Rings, ambayo riwaya hiyo ni juzuu yake ya kwanza, mbele ya vitabu vyote vya karne ya ishirini. Baadhi ya wasomi waliyapokea matokeo hayo kwa fadhaa. Germaine Greer aliandika kwamba kwake yeye hilo lilikuwa ndoto mbaya iliyotimia.

Mbele ya tofauti kubwa namna hii, mhakiki hushawishika kushika mojawapo ya njia mbili. Ama atasema kwamba umma hauna ladha, ama atasema kwamba wasomi wana kiburi. Makala haya yanazikataa njia zote mbili. Tunakusudia kuonyesha kwamba maoni ya msomaji ni ushahidi, na kwamba, kama ushahidi wowote ule, hayafai kitu mpaka tujue shahidi alisimama wapi, alikuwa ameona nini, na alitarajia kuona nini. Juzuu ya kwanza ya Tolkien ni mahali pazuri pa kuithibitisha hoja hiyo. Mwishoni tutaeleza kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaofundisha na kuhakiki fasihi ya Kiswahili.

2.0 Kazi Iliyokatwa

Jambo la kwanza linalosahauliwa ni kwamba Tolkien hakuandika riwaya tatu. Aliandika hadithi moja ndefu aliyoigawa katika vitabu sita, akaifanyia kazi tangu Desemba 1937 hadi ilipokamilika mwaka 1949. Mgawanyo wa juzuu tatu ulitokana na gharama za karatasi na uchapaji katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Juzuu ya kwanza ilibeba vitabu viwili vya mwanzo, nayo iliuzwa kwa shilingi 21, bei ambayo haikuwa ndogo kwa riwaya ya wakati ule.

Kwa hiyo, msomaji wa Agosti 1954 alikuwa na theluthi moja ya hadithi. Alipofikia ukurasa wa mwisho, Gandalf, mchawi aliyewaongoza wasafiri, alikuwa ametumbukia shimoni katika mapango ya Moria, na hakuna aliyeahidi kwamba angerudi. Boromir, shujaa wa Gondor, alikuwa amejaribu kumpokonya Frodo ile pete. Frodo na mtumishi wake Sam walikuwa wameondoka peke yao, na ushirika ulioipa juzuu jina lake ulikuwa umevunjika. Juzuu ya pili ilitoka tarehe 11 Novemba, 1954. Ya tatu ilichelewa hadi tarehe 20 Oktoba, 1955.

Msomaji wa leo hawezi kukaa katika hali hiyo. Anazinunua juzuu zote kwa pamoja, tena mara nyingi amekwisha kuona filamu iliyotoka mwaka 2001. Anayasoma maanguko ya Gandalf huku akijua matokeo yake. Ni dhahiri basi kwamba maoni ya mwaka 1954 na maoni ya leo, hata yanapotaja jina lile lile la kitabu, si maoni juu ya tajiriba moja ya usomaji. Mtu anayeyaweka kwenye mizani moja bila kutazama tarehe zake anapima vitu viwili kwa jiwe lisilo lake.

3.0 Upeo wa Matarajio

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake mashuhuri alioutoa Konstanz mwaka 1967, alifundisha kwamba kila kazi ya sanaa hupokewa dhidi ya upeo wa matarajio ambao msomaji amekwisha kuujenga kutokana na kazi alizozisoma kabla. Kwa juzuu tunayoijadili, upeo huo ulianza kujengwa na jalada lenyewe. Wachapishaji walichapa humo sifa zilizoandikwa na Richard Hughes, C.S. Lewis na Naomi Mitchison. Majina ya Spenser, Ariosto na Malory yakatajwa kama vipimo. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya wahakiki waliacha kuihakiki riwaya wakayahakiki majina hayo. Msomaji aliyeahidiwa Ariosto akakutana na viumbe wafupi waitwao mahobiti, wapendao kula mara kwa mara na kuvuta tumbaku, alikuwa na sababu ya kujiona amepunjwa.

Lewis aliisifu riwaya hiyo katika jarida la Time and Tide tarehe 14 Agosti, 1954. Sifa zake ni za kweli, lakini ni lazima tukumbuke kwamba alikuwa rafiki wa mwandishi na alikuwa ameisikia hadithi ikisomwa kwa sauti miaka mingi kabla haijachapwa. Yeye hakuwa na theluthi ya hadithi. Alikuwa nayo nzima. Siku nane baadaye, katika gazeti la The Observer, mshairi Edwin Muir aliukubali ubunifu wa Tolkien lakini akalalamika kwamba wema wake ni wema mtupu na waovu wake ni waovu mtupu, hivi kwamba hakuna nafasi ya mhusika mwovu anayestahili kuhurumiwa.

Hoja ya Muir inastahili kujibiwa kwa matini, si kwa hasira. Kuhusu majeshi ya maorki ana haki. Hayo hayana nafsi ya kuchunguzwa. Hata hivyo, ndani ya juzuu hiyo hiyo ya kwanza yumo Boromir, ambaye anaitamani pete kwa sababu anaipenda nchi yake, na anayelia mara baada ya kukosea. Yumo pia Bibi Galadriel wa Lothlórien, anayetolewa pete hiyo bure, akatamka waziwazi kwamba moyo wake umeitamani, kisha akaikataa. Ila Gollum, mhusika ambaye ndiye jibu kamili la lawama ya Muir, katika juzuu ya kwanza ni habari ya kusimuliwa na kivuli kinachowafuata wasafiri mtoni. Utu wake uliogawanyika unafunuliwa katika juzuu ya pili, ambayo Muir alikuwa hajaipata. Tunaona hapa jinsi maoni yanavyoweza kuwa ya haki kwa nusu na ya haraka kwa nusu nyingine, bila ya mtoaji wake kukosa umakini.

4.0 Je, Ni Kitabu cha Watoto?

Lawama ya pili ni kali zaidi. Edmund Wilson, mhakiki maarufu wa Marekani, aliandika katika The Nation mwezi Aprili 1956 kwamba kazi hii nzima ni takataka za kitoto, na akashangaa jinsi watu wazima walivyoweza kuichukulia kwa uzito. Mwaka 1961 Philip Toynbee alitangaza katika The Observer kwamba vitabu hivi, kwa bahati njema, vimekwisha kusahauliwa. Miaka minne baadaye chapa za bei nafuu zilitoka Marekani na kuenea katika vyuo vikuu vya huko kwa kasi ambayo Toynbee hakuiota.

Hata hivyo, kosa la utabiri halithibitishi kosa la hukumu. Ni lazima tuulize Wilson aliona nini. Asili ya riwaya hii ni The Hobbit, hadithi ya watoto iliyochapishwa mwaka 1937 baada ya mswada wake kusomwa na mtoto wa mchapishaji, Rayner Unwin, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na aliyelipwa shilingi moja kwa maoni yake. Wachapishaji walitaka mwendelezo, na sura za mwanzo za The Fellowship of the Ring bado zina sauti ya mwendelezo huo: karamu ya siku ya kuzaliwa, fataki, na mizaha ya majirani. Baadaye sauti hiyo hubadilika ikawa nzito. Msomaji aliyekwisha kukata shauri katika sura ya kwanza huenda asiyasikie mabadiliko hayo.

Hapa ndipo yanapoingia malalamiko ya wasomaji wa kawaida ambayo yamedumu kuliko ya wahakiki: kwamba juzuu hii inachelewa kuanza. Kati ya karamu na siku Frodo anapoondoka nyumbani hupita miaka kumi na saba. Akishaondoka, wasafiri wanakawia nyumbani kwa Tom Bombadil, mtu wa ajabu ambaye kuwapo kwake hakulisukumi mbele tukio kuu. Mchezo wa redio wa BBC wa mwaka 1981 na filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2001 vyote vilimwacha nje. Uamuzi huo nao ni maoni ya wasomaji, isipokuwa umetolewa kwa mkasi badala ya kalamu.

Maoni yetu ni kwamba wanaolalamika wanaeleza kwa usahihi wanachokihisi, lakini si lazima tukubaliane nao kuhusu sababu. Msomaji asiyekaa vya kutosha katika nchi ya mahobiti hatajua Frodo anapoteza nini, na riwaya nzima ni hesabu ya hasara hiyo. Ucheleweshaji huo ndio mtaji. Tolkien mwenyewe, katika dibaji ya chapa ya pili, alieleza kwamba sehemu zilizochukiwa na wasomaji fulani ndizo zilizopendwa hasa na wengine.

5.0 Istiara na Uhuru wa Msomaji

Dibaji hiyo ina jambo jingine lenye uzito kwetu. Wasomaji wengi wa miaka ya hamsini walidai kwamba pete ni bomu la atomiki na kwamba vita vinavyosimuliwa ni vita vya Hitler. Tolkien alikanusha. Alitofautisha istiara, ambayo mwandishi humlazimisha msomaji kuifuata, na uwezekano wa msomaji kuihusisha hadithi na maisha yake kwa hiari. Tofauti hii haimnyimi msomaji haki ya kuliona bomu katika pete. Inamnyima tu haki ya kudai kwamba akishaliona bomu amemaliza kusoma.

6.0 Funzo kwa Uhakiki wa Kiswahili

Fasihi yetu ina kazi za kifantasia za kutosha. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, inatupeleka katika nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, na ambako wajumbe sita walitumwa pande zote, pamoja na mbinguni na ardhini. Mara nyingi madarasani huharakisha kusema kwamba Kusadikika ni Tanganyika chini ya ukoloni. Jambo hilo lina ukweli mkubwa. Lakini safari sita za wajumbe, ambazo ndizo mwili wa kitabu, hugeuzwa kuwa ganda la kutupwa baada ya kiini kupatikana. Adili na Nduguze ya mwaka 1952, yenye ndugu waliogeuzwa manyani, hufikiwa na hukumu iliyo jirani na ya Wilson: ni kitabu cha kuwaonya vijana, basi. Kwa upande mwingine, Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zilizua mjadala kama kweli zinastahili kuitwa riwaya, mjadala ambao kwa hakika ulikuwa juu ya upeo wa matarajio ya wasomaji kuliko juu ya kazi zenyewe.

Mwanafunzi wa Tolkien anaweza kufuatilia leo, tarehe kwa tarehe, jinsi juzuu moja ilivyopokewa. Mwanafunzi wa Shaaban Robert hufundishwa zaidi alichokusudia mwandishi, na kwa nadra sana hufundishwa nani alimsoma, lini, na alisema nini. Wasomaji waliokisoma Kusadikika kabla ya uhuru wanapungua kila mwaka. Tusipowauliza walikielewaje walipokuwa bado hawajui kwamba ukoloni utaondoka, tutabaki na maoni ya wale tu wanaoujua mwisho wa hadithi.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Lewis, Muir, Wilson na wapiga kura wa mwaka 1997 hawakuwa wakijibu swali moja. Kila mmoja alijibu swali lililowekwa mbele yake na wakati wake, jalada lake, na kiasi cha hadithi alichokuwa nacho. Tunapendekeza kwamba watahini na wasimamizi wa tasnifu katika idara zetu waruhusu, na hata wahimize, utafiti wa upokezi wa kazi za Kiswahili kupitia barua za magazetini, kumbukumbu za walimu, na mahojiano na wasomaji wazee. Utafiti huo hautatuambia kazi ipi ni bora. Utatuambia jinsi ubora ulivyotambuliwa, ulivyokosewa, na ulivyotambuliwa tena, na hiyo ni sehemu ya historia ya fasihi ambayo matini peke yake hayawezi kuitunza.