Kazi za Ufundi: Nukta Ishikayo na Nukta Idanganyayo

Kutu ya motokaa ni kama mchwa wa nyumba. Huanza kula mahali pasipoonekana, na siku mwenye mali anapoitambua, hasara kubwa imekwisha kutendeka. Rangi ya nje huweza kung'aa bado, hali vizingiti vya chini ya milango vimekuwa vyepesi kama maganda. Ndiyo sababu mtu anayefufua motokaa ya zamani katika ua wa nyumba yake hufika siku ambayo spana na brashi ya rangi hazitoshi tena. Bati lililoliwa halina budi kukatwa, na bati jipya kushikizwa mahali pake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa motokaa hauzibwi kwa udongo.

Mfano mzuri ni Peugeot 404, ambayo ilipata sifa kubwa katika Afrika ya Mashariki iliposhinda mashindano ya Safari mwaka wa 1963, kisha tena miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Motokaa hiyo haina fremu nzito iliyo mbali na bodi, kama lori lilivyo nayo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Sakafu, nguzo, vizingiti na paa ni mabati yaliyokunjwa na kushikamanishwa kwa nukta nyingi ndogo za moto. Mtu akiondoa mpira uliozunguka mwanya wa mlango, katika motokaa yo yote ya namna hii, ataona vishimo vidogo vya mviringo vilivyopangwa kwa mstari. Kila kishimo ni mahali ambapo mabati mawili yaliyeyuka yakawa kitu kimoja. Kazi hiyo huitwa kulehemu kwa nukta.

Ujuzi huu si mpya. Elihu Thomson, mzaliwa wa Manchester huko Uingereza aliyekulia Philadelphia katika Marekani, alipewa hataza ya chombo cha kulehemu kwa umeme mwaka wa 1886. Msingi wake ni huu: umeme upitapo katika kitu kinachoupinga hutoa joto, na mkondo ukizidishwa mara mbili, joto huzidi mara nne. Ndani ya mashine mna transfoma. Hiyo hupokea umeme wa nyumbani wa volti 240, ikaushusha mpaka volti chache tu, na badala yake ikatoa mkondo wa maelfu ya ampea. Mkondo huo hupita katika mikono miwili yenye ncha za shaba, ambayo huyabana mabati kama koleo libanavyo msumari. Shaba haiupingi umeme sana, bali pale mabati mawili yanapogusana pana upinzani mkubwa. Basi joto huzaliwa pale pale katikati, likapita digrii 1,500, na chuma kikayeyuka.

Kwa hiyo nukta moja ina matendo matatu: kubana, kupitisha umeme, na kuendelea kubana mpaka chuma kigande. Mwenye haraka ambaye huachia mikono mara umeme ukatikapo, huilegeza nukta kabla haijapoa, na kazi yake huwa bure.

Huenda mtu akauliza kwa nini asimpelekee fundi wa kawaida. Mafundi wengi wa jua kali hulehemu kwa vijiti, na mageti na madirisha yao ni imara. Lakini bati la motokaa huwa na unene wa milimita 0.8 au 1 tu. Moto wa kijiti hulitoboa upesi, na joto likienea hulipinda likawa na mawimbi ambayo hata rangi nzuri haiyafichi. Nukta huweka joto mahali padogo kwa muda wa sekunde moja hivi. Haitaki gesi wala waya wa kuongeza chuma, na ikifanywa vema haihitaji kusagwa baadaye.

Mashine ifaayo nyumbani ni ile ishikwayo kwa mkono, ambayo uwezo wake huandikwa kuwa kilovolti-ampea 2 au 2.5, na uzito wake ni kilo kumi au zaidi. Mashine ya kadiri hiyo hufaa kwa mabati mawili ambayo unene wake kwa jumla hauzidi milimita 3. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi na achunguze mambo matatu.

La kwanza ni mikono. Mikono mifupi hubana kwa nguvu. Mirefu hufika mbali, lakini nguvu ya kubana hupungua na mkondo nao hupungua. Afadhali kuwa na jozi mbili au tatu za mikono kuliko kutegemea jozi moja ndefu kwa kazi zote. La pili ni skrubu ya kurekebisha kubana, ambayo lazima iwepo na izunguke vizuri. La tatu ni umeme wa nyumba. Soketi ya kawaida ya ampea 13 huenda isitoshe, maana mashine huvuta umeme mwingi sana kwa muda mfupi. Mara nyingi hutakiwa njia yake yenyewe, yenye waya mnene na fyuzi kubwa zaidi, iliyowekwa na fundi wa umeme aliye na leseni. Waya mrefu mwembamba uliovutwa kutoka dirishani huula umeme njiani, na nukta hutoka baridi.

Wako watu wanaojitengenezea mashine kwa transfoma iliyotolewa katika oveni ya maikrowevu iliyoharibika. Jambo hilo halifai kujaribiwa na asiye fundi wa umeme. Ndani ya oveni hiyo mna kapasita iwezayo kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Fedha inayookolewa hapo haiwezi kulinganishwa na hatari yake.

Kazi yenyewe huanza kwa kuondoa nukta za zamani. Kila nukta hutiwa alama kwa ponchi, kisha hutobolewa kwa keekee ya milimita 8, bati la juu peke yake, na tindo nyembamba huyatenga mabati. Mstari wa nukta za kiwandani usiharibiwe kabla ya kupimwa, kwa kuwa unaonyesha idadi na nafasi zinazotakiwa. Mara nyingi nafasi hiyo ni milimita 25 mpaka 40. Kwa kuwa mashine ya nyumbani ni dhaifu kuliko ya kiwanda, yafaa kuongeza nukta chache. Lakini zisisongamane, maana umeme hupenda njia rahisi, nao hukimbilia nukta iliyokwisha kushika badala ya kutengeneza mpya.

Mabati yote mawili husuguliwa kwa msasa mpaka yang'ae, ndani na nje. Rangi ya kawaida haipiti umeme, na kutu ni hivyo hivyo. Kati ya mabati hupakwa rangi maalumu yenye zinki, ambayo hupitisha umeme na kuzuia kutu baadaye. Kisha mabati hubanwa kwa klempu mpaka yagusane kabisa, kwa kuwa mikono ya mashine haikukusudiwa kunyosha bati lililopinda. Ncha za shaba nazo huchongwa kwa tupa ili uso wake uwe na upana wa milimita 5 kwa bati la milimita 1. Ncha iliyopanuka kama uyoga huutawanya umeme, na joto halitoshi.

Hapo ndipo jambo kubwa kuliko yote linapokuja. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nukta mbaya huweza kuwa na kishimo kizuri cha mviringo, chenye rangi ya samawati pembeni kama nzuri, hali katikati mabati hayakushikana hata kidogo. Hakuna jicho liwezalo kuitambua. Kwa hiyo mtu asiiguse motokaa kabla ya kujaribu kwa vipande viwili vya bati lile lile, lenye unene ule ule na lililosafishwa vile vile.

Vipande hivyo hushikizwa kwa nukta moja, kimoja kikabanwa katika jiliwa, na kingine kikavutwa na kukunjwa kwa koleo mpaka vitengane. Nukta ikiwa njema, haitaachia: itang'oa kidonge cha chuma katika bati moja na kuacha tundu, na kidonge hicho kitabaki kimeng'ang'ania bati la pili. Vipande vikiachana safi, kila kimoja na alama yake tu, nukta ile ilikuwa uwongo. Aongeze muda kidogo, au akaze skrubu, au asafishe tena, kisha arudie. Cheche zikiruka na tundu likitokea, basi muda umezidi au kubana ni kudogo. Akipata kipimo kilicho sawa, aandike katika daftari: unene wa bati, urefu wa mikono, na muda. Jaribio lirudiwe kila anapobadilisha mikono au aina ya bati, na kila anapochonga ncha.

Mashine hii ina mpaka wake. Lazima ifike pande zote mbili za bati, na mahali palipofungwa kama sanduku haifiki. Hapo hutobolewa matundu katika bati la juu, yakajazwa kwa mashine ya waya na gesi. Nayo mahali panaposhika springi, usukani au mikanda ya kiti hapafai kuwa pa kujifunzia. Kazi hiyo apewe fundi aliyehitimu. Hata vizingiti visikatwe vyote viwili kwa siku moja. Bodi itegemezwe vizuri, kikatwe kimoja, na mlango ujaribiwe kufungwa kabla ya kila mstari wa nukta, maana bodi ikilegea milango haitakaa sawa tena.

Kabla ya kuwasha, betri ifunguliwe, tangi la petroli litolewe na kupelekwa mbali, na viti na mazulia viondolewe. Miwani ya kukinga macho na glavu za ngozi ni lazima. Kazi ifanywe penye hewa, kwa sababu moshi wa zinki huleta homa, na kizima-moto au ndoo ya mchanga iwe karibu. Saa na pete zivuliwe. Mtu aliyewekewa kifaa cha umeme cha kuendesha moyo asikaribie kabisa, maana mkondo mkubwa huzaa nguvu ya sumaku.

Mashine kama hii hutumika siku chache katika mwaka. Majirani watatu au wanne wenye motokaa za zamani wanaweza kuinunua kwa shirika, wakaandikiana zamu na gharama ya ncha, kama wakulima wanavyoshirikiana pampu ya dawa. Pamoja na mashine, wapeane na lile daftari la vipimo. Na kila atakayeichukua aanze kwa kukata vipande vyake vya bati na kuvivuta mwenyewe, asiamini neno la aliyemtangulia. Vipande vya kujaribia vina thamani ya senti chache. Nyuma ya kizingiti kile watakaa mke wake na watoto wake, katika barabara ya mashimo, kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa.