Twadai Hesabu Jukwaani, Nyumbani Twaificha



Tukipita Kibirizi, Katonga na Ujiji kwa kazi za chama, twaambiwa mengi ya ziwani, lakini zaidi twaambiwa ya nyumbani. Bibi asema: "Bwana wangu hasemi nami." Bwana ajibu: "Nikisema, huwa ugomvi."

Hatushangai. Wakati wa giza bwana yumo ziwani usiku kucha na taa zake. Akirudi kulala, bibi yuko juani aanika dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki na vyombo hupumzika. Hapo ndipo wawili hukutana, na hapo ndipo fedha huulizwa.

Wazee hutuambia: "Zungumzeni, ndoa itapona." Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani, Lavner, Karney na Bradbury, walitoa matokeo ya uchunguzi wa ndoa changa 431 za watu wa kipato kidogo mjini Los Angeles. Waliwatazama mara nne, kila baada ya miezi 9. Walioridhika walisemezana vizuri. Lakini kadiri muda ulivyokwenda, mara nyingine mazungumzo mema yalitangulia kuridhika, mara nyingine kuridhika kulitangulia mazungumzo mema, na hakuna njia iliyoonekana kuwa na nguvu sana.

Fundisho ni nini? Bibi aliyeanika dagaa mwezi mzima, kisha hajui wameuzwa kwa shilingi ngapi, tutamwambiaje aseme kwa upole? Apewe hesabu kwanza. Naye bwana aliyerudi mikono mitupu kwa sababu ya dhoruba asipokewe kwa masimango.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, bwana na bibi walikaa pamoja miezi 3. Palipokuwa na siri ya fedha, kukaa huko hakukuzaa mazungumzo, kulizaa makelele.

Sheria ya Ndoa ya 1971 yataka ugomvi upelekwe baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Ni vema, lakini tusingoje baraza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na sisi wanaume wa chama tujisahihishe. Jukwaani twadai mapato ya umma yasomwe hadharani. Nyumbani twaficha bei ya beseni moja la dagaa! Usawa gani huo?

Mbalamwezi ijayo, bibi na bwana waketi mkekani, daftari katikati. Haki itangulie, maneno mema yatafuata.