Mguu wa mlalahoi nani anaulipia?

Siku moja saa za kuona wagonjwa pita Muhimbili, uingie katika wodi za Taasisi ya Mifupa, MOI. Hutahitaji kuuliza ajali za nchi hii zinamla nani. Tazama vitandani tu. Wengi ni vijana wa kiume, umri wako wewe unayesoma gazeti hili ukiwa umeegemea pikipiki kijiweni. Huyu dereva wa bodaboda, yule abiria wake, wa tatu alikuwa anavuka barabara akiwahi daladala, na kule mwisho ni saidia fundi aliyedondoka kwenye jengo. Ndiyo nguvu kazi ya Taifa hiyo, imelala chali.

Swali letu wiki hii ni moja, na tunalielekeza kwa wakubwa: mguu wa mlalahoi ukivunjika, nani anaulipia?

Tuanze kwa kutoa haki kwa anayestahili, maana sisi si watu wa kuponda kila kitu. MOI ilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 7 ya mwaka 1996, ili tiba ya mifupa, ubongo, mishipa ya fahamu na majeruhi iwe na chombo chake chenye mabingwa wake. Iko katika uwanja mmoja na Hospitali ya Taifa na Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili, hivyo bingwa anatibu asubuhi na kufundisha mchana. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa ikafungua idara ya dharura, ya kwanza ya aina yake nchini. Leo mtu anawekewa nyonga au goti la bandia hapa hapa Dar es Salaam. Zamani wenye jina walipandishwa ndege kwenda India, na asiye na jina alipewa magongo akaambiwa ashukuru Mungu.

Kwa hiyo utaalamu upo. Tunachohoji ni mlango wa kuufikia.

Mwaka 1993 Serikali ilileta kile ilichokiita uchangiaji katika hospitali za umma. Wakatajwa wa kusamehewa: mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5, wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na kadhalika. Hatuna ugomvi nao, ni mama zetu na wadogo zetu. Lakini kijana wa miaka 25 aliyevunjika paja yuko kundi gani? Hana kundi. Akitaka msamaha aende ustawi wa jamii akathibitishe kuwa ni maskini. Yaani mtu mfupa umetoka nje ya ngozi, halafu ndugu zake wazunguke na karatasi kutafuta ushahidi wa umaskini! Umaskini wa Mtanzania unahitaji ushahidi?

Juu ya hilo kuna PF3, fomu ya polisi. Kila mkazi wa uswahilini anaijua. Viongozi wamesema mara kadhaa kwamba majeruhi aliye katika hali mbaya atibiwe kwanza, fomu ifuate. Maneno mazuri. Lakini mpaka leo mtu akianguka barabarani, wasamaria wanaanza kubishana: tumpeleke hospitali au kituoni? Amri inayoishia jukwaani si amri, ni hotuba.

Sasa hebu tueleze kwa nini kila saa ina thamani, maana wakubwa wanadhani mfupa ni kama bomba la maji, unaweza kulisubirisha mpaka fundi arudi safari.

Mfupa wa paja ukivunjika, damu inavujia ndani ya nyama. Hutaiona chini, lakini inaweza kufikia lita moja na zaidi. Kijana anaonekana mzima, anaongea, baada ya muda anaanza kutoka jasho la baridi na macho yanalegea. Mfupa wa ugoko ukitoka nje, vumbi na mafuta ya barabarani vinaingia ndani. Hapo dawa ya kuua vijidudu inatakiwa mapema sana, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, kisha kidonda kisafishwe chumba cha upasuaji. Ukichelewa, usaha unaingia kwenye mfupa. Mfupa ukishaoza hauponi kwa sindano mbili. Ni upasuaji juu ya upasuaji, miezi na pengine miaka, na wengine mwisho wake ni msumeno.

Kuna na jambo la vyuma. Zamani paja lililovunjika lilitibiwa kwa kuuvuta mguu kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, wiki sita au zaidi, mtu amelala mgongo mmoja. Siku hizi bingwa anapitisha chuma ndani ya mfupa wenyewe, na ndani ya siku chache mgonjwa anaweza kuanza kujikongoja kwa magongo. Liko shirika la Marekani, SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, ambalo hutoa vyuma hivi kwa hospitali za nchi maskini, na Muhimbili ni moja ya zilizonufaika. Vimebuniwa viweze kuwekwa hata mahali ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya picha.

Fikirini. Mzee mmoja huko Marekani amewaza namna ya kuusimamisha mguu wa kijana wa Manzese. Wenye dhamana ya mguu huo, ambao kodi yake wanaila, wamewaza nini?

Kwa kijana wa mjini wiki sita kitandani si mapumziko. Pikipiki ya mkataba inarudishwa kwa tajiri siku ya pili. Kodi ya chumba haijui hogo wala magongo. Mke anarudi kwao. Mdogo wake anaacha shule akabebe mizigo. Mguu mmoja ukivunjika, nyumba nzima inachechemea.

Wapo watakaosema tatizo ni madaktari. Ni kweli yamewahi kutokea ya kutisha. Mwaka 2007, pale pale MOI, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walichanganywa: aliyekuja na tatizo la goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa mguu. Nchi nzima ilishika tama. Hatutalisahau hilo, wala hatutalitetea.

Lakini tusidanganywe kwamba kumfukuza daktari mmoja ndiyo dawa. Mwaka 2012 madaktari waligoma, na miongoni mwa hoja zao ilikuwa mazingira ya kazi na vifaa vya kumtibia mgonjwa. Kilichofuata tunakijua. Juni mwaka huo kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa, akateswa na kutupwa msitu wa Mabwepande. Akapelekwa kutibiwa wapi? MOI! Aliyekuwa akipigia kelele hali ya hospitali akaishia kitandani katika hospitali hiyo hiyo. Na Novemba 2015 Rais John Magufuli aliingia Muhimbili bila kupiga hodi, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine kubwa za uchunguzi hazifanyi kazi. Fedha zilizochangwa kwa ajili ya hafla ya wabunge zikageuzwa kuwa vitanda. Tulipiga makofi. Lakini tunauliza: mpaka Rais aingie wodini ndipo kitanda kipatikane? Na kama asingepita siku ile?

Fedha zipo. Zinapita tu mbali na mguu wako. Tutaonyesha mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni bima ya chombo cha moto. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari na pikipiki inayotembea barabarani iwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Huyo mtu wa tatu ndiye wewe uliyegongwa. Trafiki akikukamata huna bima, anakuandikia. Sawa. Lakini lini uliona trafiki huyo huyo akimwambia majeruhi, "Kijana, gari lililokugonga lina bima, kadai haki yako"? Fedha za bima zinakusanywa kwa nguvu za dola, halafu siku ya kulipa dola inaangalia pembeni. Majeruhi akitaka chake anatakiwa kuwa na taarifa ya polisi, mchoro wa ajali na ripoti ya daktari, na wakibishana aende mahakamani akashinde kwanza. Mtu aliyelala wodini na mguu umefungwa ataziendea ofisi zote hizo kwa miguu ipi?

Wenye makampuni wanajua hilo. Wanajua mlalahoi atachoka, atakubali laki mbili tatu za dereva ili "yaishe", na jalada litafungwa. Huo ni mchezo wa kuigiza, na sisi ndio watazamaji tuliokata tiketi.

Mahali pa pili ni kwenye petroli. Kila lita unayotia kwenye tangi ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1998. Tozo hiyo inaziba mashimo ya lami. Vizuri. Je, shimo lililoko kwenye mguu wa aliyelipa tozo linazibwa na nani? Afrika Kusini wana Mfuko wa Ajali za Barabarani, chini ya sheria ya mwaka 1996, unaolishwa na tozo ya mafuta, na majeruhi anadai huko. Hatusemi ni wa malaika. Una madeni makubwa na wanasheria wameula sana. Lakini wenzetu wamekubali jambo la msingi: barabara inayokusanya fedha kwa watu ichangie kuwatibu inaowavunja.

Hapa kwetu mwenye ajira rasmi ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Karani akiumia kazini, mfuko unamwangalia. Bodaboda yuko kazini kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane, lakini kwa sheria hiyo hana mwajiri, hivyo hana fidia. Anatambulika kwenye faini tu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nasi tunaitakia heri. Ila gari halimuulizi mtu kama ana kadi kabla ya kumgonga.

Tunataka mambo matatu, na hatutaki kamati wala semina.

Kwanza, itungwe kanuni yenye meno: majeruhi wa ajali anatibiwa saa hiyo hiyo, bila PF3 na bila malipo ya awali, na hospitali inadai yenyewe kwa kampuni ya bima ya chombo kilichohusika. Siku hizi bima zimo kwenye kompyuta. Kwa namba ya gari tu unaiona. Kama trafiki anaiona ili akutoze faini, hospitali iione ili ikutibu.

Pili, ajali isiyo na bima, ya aliyegonga akakimbia, ilipwe na mfuko unaotokana na sehemu ndogo ya tozo ya mafuta. Hesabu ziwekwe wazi, zisije zikageuka mashangingi.

Tatu, kila hospitali ya mkoa iwe na bingwa wa mifupa, vyuma, damu na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku. MOI, KCMC, Bugando na Mbeya haziwezi kubeba nchi nzima. Aliyevunjika paja Lindi asisafirishwe mpaka Dar es Salaam juu ya mashimo, huku mfupa ukikata nyama kila tuta.

Nasi vijana tusijifanye hatuhusiki. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Helmeti iliyofungwa mkanda inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 70. Ile unayoining'iniza kwenye kioo ukimwona trafiki haipunguzi chochote. Ukiona ajali, usimnyanyue mtu kama gunia. Funga mguu usicheze, bana damu, mpeleke. Mtu akikushawishi umtoroshe nduguyo wodini umpeleke kwa mganga wa kuunga mifupa, kumbuka mguu uliofungwa mabanzi ya kubana sana unakosa damu, unakuwa mweusi na unakatwa. Na ukigongwa, jambo la kwanza ni namba ya gari. Iandike, ipige picha, mpe hata muuza karanga aikariri. Namba hiyo ndiyo bima yako.

Mwenye pikipiki, dai hati ya bima uisome kabla hujawasha. Kijiwe kizima kikubaliane: anayeanguka mmoja, wawili wanamkimbiza hospitali, wawili wanabaki na namba na mashahidi. Serikali ikichelewa kuwa na utaratibu, kijiwe kiwe nao.

Kwa waheshimiwa tunamalizia hivi. Mwaka wa uchaguzi mnatupanga barabarani na pikipiki zetu, honi na bendera, tuwasindikize kwenye mikutano. Mnatujazia mafuta siku hiyo. Basi safari ijayo mkija kijiweni na madebe yenu ya petroli, tutawauliza kwanza: miguu yetu inalipiwa na nani? Asiyekuwa na jibu asindikizwe na vumbi lake.