Huo ni ulezi au ubebaji wa mafaili?

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, ila leo nina donge la moyoni na lazima nilitoe.

Nina rafiki yangu, daktari kijana. Miaka mitatu yuko kwenye jaribio la dawa kwa wajawazito. Saa nane za usiku ndiye anayemsomea mama karatasi ya ridhaa, ndiye anayejaza fomu, ndiye anayempigia bosi simu damu ikizidi. Juzi makala ya utafiti imetoka. Jina lake liko mwishoni, kwenye shukrani, tena wamelikosea herufi. Nikamuuliza, mlezi wako kakufundisha nini? Akacheka: "Kujaza fomu bila kufutafuta."

Maprofesa wetu, shikamooni. Huko si kulea mtafiti.

Na msidhani nagombania majina tu. Kumbukeni jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza, hospitali ya Teule. Watoto 3,141 wenye homa kali, damu haizunguki vizuri mwilini. Mazoea ya nchi tajiri yalikuwa kuwafululizia maji ya dripu. Mwaka 2011 majibu yakatoka: waliofululiziwa walikufa zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48, wasiofululiziwa, asilimia 7.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake. Aliyeliongoza, Kathryn Maitland, ni Mwingereza, lakini alikuwa akifanya kazi Kilifi, wodini, na hao watoto akiwaona kwa macho yake.

Wodini wamejaa vijana wetu! Ila kijana aliyezoeshwa "ndiyo mzee" atapata wapi ubavu wa kukitilia shaka kitabu?

Mtaniambia fedha ni za wafadhili, zina masharti. Sawa. Lakini kumkalisha kijana mezani wakati mnaandika mpango wa utafiti, kumweleza kwa nini mnahitaji akina mama elfu mbili na si mia mbili, kumpeleka kwenye kamati ya maadili ajibu maswali mwenyewe huku jasho likimtoka, kumwachia makala moja, hata fupi, aiongoze yeye: hayo yanataka dola ngapi?

Rafiki yangu ana swali lake kuhusu watoto njiti. Kaliandika kwenye daftari tangu mwaka juzi. Nikamuuliza kama bosi kaliona.

"Hajawahi kuniuliza kama nina swali."