Shoo za Usiku Marekani Zinakata Roho, Ila Msililie Meza na Suti

Jamaa yupo kwenye daladala ya Mbagala, foleni haisogei, bando la wiki linapumua kwa shida. Kwenye simu inamjia klipu ya dakika tatu. Mtu kavaa suti kali, mbele yake meza na kikombe, nyuma yake picha ya mji wa New York usiku, pembeni staa wa muvi kajiachia kwenye kochi anacheka mpaka anashika mbavu. Jamaa naye anacheka, anagonga like, anapita zake. Hajui kipindi kinaitwaje, kinaruka saa ngapi wala nani anakilipia.

Mamilioni ya watu duniani wanafanya hivyohivyo kila siku, Wamarekani wenyewe wakiwemo. Ndiyo maana hicho kipindi kinakufa huku watu wakiendelea kukicheka.

Kwa wasiofuatilia, mambo yako hivi. Julai 17, 2025 kituo cha CBS kilitangaza kwamba The Late Show itafika mwisho Mei 2026. Hawakusema wanambadilisha mtangazaji. Walisema wanafuta jina lenyewe, kipindi kilichoanza mwaka 1993 na David Letterman na kurithiwa na Stephen Colbert mwaka 2015. Wakati wanatangaza hivyo, kipindi kilikuwa kinaongoza kwa watazamaji kwenye muda wake, wastani wa watu kama milioni 2.4 kwa usiku. Yaani namba moja ndiyo imefutwa. Kama wa kwanza darasani anafukuzwa shule, hao wa pili na wa tatu walale usingizi gani?

Sababu waliyoitoa wakubwa wa CBS ni moja tu: hela. Vyombo vya habari vya huko viliripoti kwamba kipindi kilikuwa kinapoteza kama dola milioni 40 kwa mwaka. Na ukiangalia soko lote, hilo la hela si uongo. Matangazo ya biashara kwenye shoo za usiku za vituo vikubwa yaliingiza dola milioni 439 mwaka 2018. Mwaka 2024 yakaingiza dola milioni 220. Nusu ya mkwanja imeyeyuka ndani ya miaka sita. Hakuna duka la Kariakoo linalopoteza nusu ya mauzo halafu likaendelea na wafanyakazi walewale.

Dalili zilianza zamani ila watu walikuwa bize na klipu. The Late Late Show ya James Corden ilifungwa Aprili 2023. Nafasi yake ikachukuliwa na kipindi cha bei nafuu, After Midnight, nacho kikaisha mwaka 2025. Mwaka 2024 The Tonight Show ikapunguzwa ikawa inatengeneza vipindi vipya siku nne tu kwa wiki. Mwaka huohuo kipindi cha Seth Meyers kikaondoa bendi yake kwa sababu ya bajeti. Ukiona nyumba inauza kwanza redio, kisha kochi, kisha friji, huhitaji kuambiwa kwamba kodi imewashinda.

Sasa hapa kuna kitu cha kujifunza kwa kila kijana anayeota kuishi kwa kutengeneza maudhui. Ile shoo ya Corden ndiyo iliyoleta ule mchezo wa kuimba ndani ya gari na mastaa. Klipu ya Adele ya mwaka 2016 peke yake imeangaliwa zaidi ya mara milioni 200 YouTube. Milioni mia mbili! Na bado shoo ikafungwa. Dunia nzima iliimba nayo, ila kuimba nayo hakukulipa mishahara ya watu waliofunga kamera kwenye lile gari.

Tangazo kwenye TV lilikuwa linauzwa kwa kituo kwa bei ya maana, na hela inaingia kwa kituo. Tangazo la YouTube linagawanywa, mwenye mtandao anachukua chake, kinachobaki ni kidogo. Halafu klipu moja inashindana na kila kitu kilichopo kwenye simu: goli la Simba, ugomvi wa wapenzi wa mastaa, mtu anakaanga chipsi. Kutrendi ni sifa. Sifa hailipi umeme wa studio.

Hapo ndipo mjadala unapoharibika. Wengi wanasema waache zife, ni vitu vya wazee. Wana haki kiasi chake. Johnny Carson alikaa kwenye The Tonight Show miaka 30, kuanzia 1962 mpaka 1992, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kulikuwa na vituo vya kuhesabu kwa vidole. Mtu akitaka kucheka kabla ya kulala hakuwa na pa kwenda kwingine. Leo kijana hasubiri saa 5 na dakika 35 usiku kumsikiliza mtu mzima kwenye suti akimuuliza muigizaji maswali waliyopangiana mchana. Meza ile, suti ile, yale makofi ya kuelekezwa, hayo yakifa hakuna msiba. Hata wageni wenyewe walishahama. Staa mwenye muvi mpya sasa anaenda kula mabawa ya kuku yenye pilipili kwenye Hot Ones, shoo iliyoanzia YouTube mwaka 2015 na kuuzwa Desemba 2024 kwa dola milioni 82.5. Pale staa anatoa machozi ya kweli na majibu ya kweli, na mahojiano yananoga kuliko yale ya kwenye kochi.

Na wenye akili ndani ya gemu walishasoma alama za nyakati. Conan O'Brien alianza podikasti yake mwaka 2018 akiwa bado na kipindi cha TV. TV akaiacha Juni 2021, na mwaka uliofuata kampuni yake ya podikasti ikanunuliwa na SiriusXM kwa dau lililoripotiwa kufika dola milioni 150. Trevor Noah, bwana mdogo wa Soweto aliyeipeleka Afrika mpaka kwenye meza ya The Daily Show mwaka 2015, aliiacha mwenyewe Desemba 2022 akarudi kwenye stendapu na podikasti. Hata Bongo njia imekuwa hiyohiyo: Salama Jabir aliyewakalisha mastaa kwenye Mkasi ya EATV, baadaye mahojiano yake yakahamia YouTube. Kwa mwenye jina kubwa, kufa kwa shoo ya usiku ni kuhama nyumba tu. Anabeba jina lake, anabeba mashabiki wake, anafungua chaneli, maisha yanaendelea.

Ila shoo ya usiku haikuwa ya mtu mmoja. Kipindi cha Colbert kilikuwa na wafanyakazi kama 200, na mwenyewe aliwataja hao watu 200 siku anatangaza habari mbaya. Kuna waandishi wa vichekesho wanaoingia asubuhi kusoma magazeti. Kuna wapiga ngoma na tarumbeta. Kuna fundi wa taa, mshona nguo, dada wa mekapu, kijana wa kubeba nyaya, mtu wa kuhakiki kama kile anachosema bosi kwenye kamera ni kweli. Majina yao yanapita mwishoni kwa kasi ambayo hakuna mtu anayeyasoma. Hao hawana chaneli. Hakuna anayejiunga na podikasti ya fundi taa.

Podikasti inahitaji watu wangapi? Mtangazaji, maiki mbili, mhariri mmoja, labda na mtu wa kukata klipu. Kwa mwenye jina ni biashara tamu, gharama ndogo na faida yote mfukoni. Kwa wale 200 ni viti vinne au vitano. Hebu piga hesabu hiyo kwanza kabla ya kushangilia kwamba mtandao umeishinda TV.

Mwaka 2023 jambo hili lilionekana kwa macho. Waandishi wa Hollywood walipogoma Mei 2, shoo za usiku zilikuwa za kwanza kuzimika, kwa sababu bila waandishi hakuna cha kusema kesho yake. Watangazaji watano wakubwa wakaungana kutengeneza podikasti, Strike Force Five, ili hela yake iende kwa wafanyakazi wao waliokaa bila kazi. Heshima kwao. Lakini somo lilikuwa wazi: suti bila waandishi ni suti tu. Ile kauli kali unayoisambaza kwenye stetasi yako ilipitia mikono ya watu kumi kabla ya kufika mdomoni kwa yule unayemsifia.

Na kuna la pili, zito kuliko ajira. Shoo hizi zilikuwa sehemu ambayo mkubwa wa nchi anachekwa kila usiku, na asubuhi aliyemcheka anaamka salama anaenda kazini. Hicho kitu si kidogo, na kila msomaji anajua kwa nini si kidogo.

Angalia tarehe. Mwanzoni mwa Julai 2025 kampuni mama ya CBS, Paramount, ilikubali kulipa dola milioni 16 kumaliza kesi ya Rais Trump. Wakati huo kampuni ilikuwa inasubiri ruhusa ya serikali ili iungane na Skydance. Colbert akayaita malipo hayo hongo, hewani, kwenye kituo cha kampuni hiyohiyo. Siku tatu baadaye kufutwa kwa kipindi chake kukatangazwa. Tarehe 24 ya mwezi huohuo ruhusa ikatoka. CBS wanasema ni hela tupu, na hasara ipo kweli. Lakini kipindi kinachoingiza hasara ni rahisi kukichinja siku yoyote, kwa hiyo watu wana haki ya kuuliza kwa nini siku hiyo.

Miezi miwili baadaye, Septemba 17, ABC wakamsimamisha Jimmy Kimmel kwa maneno aliyosema baada ya kuuawa kwa Charlie Kirk, saa chache tu baada ya mkuu wa mamlaka ya mawasiliano kutoa vitisho hadharani. Watu wakacharuka, wengine wakafuta usajili wao wa Disney. Septemba 23 Kimmel akarudi, na zaidi ya watu milioni 6 wakamuangalia usiku huo ingawa baadhi ya vituo vya mikoani viligoma kumrusha. Baadaye mkataba wake ukaongezwa mpaka Mei 2027. Kwa hiyo watazamaji bado wana nguvu. Tatizo ni kwamba waliikumbuka nguvu yao baada ya mtu kuondolewa. Usiku wa kawaida, hao milioni 6 walikuwa wapi?

Mtu atasema si kila mmoja ana chaneli yake sasa, nani atamziba mdomo? Fikiria vizuri. Mtangazaji wa kituo kikubwa akisema kitu kikali, nyuma yake kuna wanasheria, wahakiki, kampuni na watu 200 wenye sababu ya kusimama naye. Mwenye chaneli yuko na ringi laiti na mama yake. Akishtakiwa, analipa mwenyewe. Chaneli ikifungwa, hakuna wa kumpigia simu. Halafu podikasti nyingi zinaishi kwa wageni, na mgeni akiulizwa swali gumu leo, kesho wageni wengine hawaji. Matokeo yake ni saa mbili za washikaji kusifiana. Wanacheka sana, hawamchomi mtu.

Shoo ya usiku kwa umbo lake la zamani haitarudi, na wanaoingoja irudi wanapoteza muda. Kitakachobaki kitakuwa kifupi, cha bei nafuu, cha kwenye simu, na hilo halina ubaya. Ubaya ni kama itaendelea kuaminika kwamba kicheko ni cha bure. Netflix inalipiwa, bando linalipiwa, Azam inalipiwa, lakini mtu aliyekaa siku nzima akitafuta namna ya kumcheka mkubwa bila kudanganya, huyo analipwa like.

Hizo chaneli mpya zitakazorithi kiti cha usiku zitahitaji timu: waandishi wawili watatu wanaolipwa, mtu wa kuhakiki, mwanasheria wa kupigiwa simu. Hiyo hela haitatoka YouTube peke yake. Itatoka kwa watazamaji wanaokubali kuchangia kidogo kila mwezi, na kwa wafanyabiashara wenye roho ngumu ya kutangaza kwenye shoo inayouma. Zisipopata hivyo viwili, watabaki wacheshi wa kukata viuno na wakubwa wasiochekwa na mtu yeyote.

Mdau, jibu kwa ukweli hapo chini: mtangazaji unayemkubali akifungiwa kesho, utatoa hata buku mbili kwa mwezi arudi hewani na watu wake, au utaweka emoji ya kulia na kuendelea kuskroli?